Jirani Amegonga Gari Lako: Maslaha, Bima na Rekodi za Pesa kwenye Simu

Tuseme ni Ijumaa, saa saba na nusu mchana, watu wanatoka msikitini. Probox yako iko kando ya ukuta, palepale unapoiegesha kila siku, Bulla Iftin. Jirani anarudisha Land Cruiser nyuma, vumbi limetanda, mtoto anapiga kelele "simama!", halafu mlio wa bati. Bampa ya nyuma imepasuka, taa moja imekwisha, mlango wa buti haufungi tena. Jirani anashuka ameshika kichwa. Unamjua. Watoto wenu wanasoma duksi moja.

Kabla ya dakika tano kuisha mtu atasema: "Haya ni mambo ya jirani, tutamalizana." Na mara nyingi ni kweli, mnamalizana. Lakini tunapata maswali mengi kutoka kwa wateja wa Garissa, Wajir na Mandera ambayo yanaanza hivyo hivyo na kuishia pabaya: jirani alituma elfu tano, akanyamaza; au wazee waliandika karatasi, kisha fundi akafungua gari akakuta hasara ni mara tatu; au kampuni ya bima ilisema "nyinyi mlishamalizana, sisi hatuna deni". Pesa ilipita kwenye simu, lakini hakuna mtu aliyeweza kuonyesha ilikuwa ya nini.

Somo letu la leo ni hilo. Namna ya kudai hasara ya gari kwa jirani bila kupoteza haki yako, na ikiwezekana bila kumpoteza jirani.

Bima ya nani italipa?

Hapa watu wengi wanachanganya mambo, kwa hivyo tutakaa kidogo.

Kila gari linalotembea barabarani Kenya lazima liwe na bima ya mtu wa tatu, ile tunayoiita thadi pati. Ni sheria, Sura ya 405, na kuendesha bila hiyo ni kosa la jinai. Watu husikia hivyo wakadhani basi, bampa yangu imeshalipiwa. Sivyo kabisa. Kile ambacho sheria hiyo inalazimisha ni bima ya kifo na majeraha ya watu. Mali, yaani gari lako, ukuta wako, kibanda chako, haimo katika kile cha lazima. Mali hulipwa kwa sababu mikataba mingi ya thadi pati inaiongeza, tena kwa kiwango fulani tu kilichoandikwa ndani. Kwa hivyo swali la kumuuliza jirani si "una bima?" peke yake. Ni "bima yako inalipa mali ya mtu mwingine hadi shilingi ngapi?" Jibu liko kwenye mkataba, halionekani kwenye stika ya kioo.

Kama wewe mwenyewe una bima kamili, una njia ya pili. Unadai kwa kampuni yako, inatengeneza gari, halafu kampuni yako inachukua nafasi yako na kumfuata jirani au kampuni ya jirani irudishiwe pesa zake. Hii ndiyo njia yenye amani zaidi, maana kampuni mbili zinabishana Nairobi huku nyinyi mnaendelea kusalimiana. Gharama yake ni ekisesi, ile sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe, na huenda mwaka ujao ukakosa punguzo la kutodai.

Ila kuna mtego. Ukimwambia jirani kwa maandishi "nimekusamehe" au "sina dai kwako", umeifungia mlango kampuni yako. Haitakuwa na wa kumfuata. Na kampuni iliyofungiwa mlango ina sababu ya kukataa kukulipa wewe.

Kama una thadi pati tu, kampuni yako haihusiki na gari lako hata kidogo. Unadai kwa jirani, na jirani anapeleka dai kwa kampuni yake. Angalia mpangilio huo vizuri: wewe huna mkataba na kampuni ya jirani. Mwenye mkataba ni yeye. Asiporipoti yeye, asipojaza fomu ya ajali, kampuni itakwambia inasubiri mteja wake. Ndiyo maana dai la thadi pati kati ya majirani linategemea sana heshima. Unamhitaji huyu mtu.

Na takaful? Tunaulizwa sana, na ni swali la haki, maana kuna familia nyingi hapa ambazo hazikuwahi kukata bima ya kawaida kwa moyo mweupe kwa sababu ya riba na gharar. Tangu 2011 kuna Takaful Insurance of Africa, kampuni ya kwanza Kenya kufanya kazi hiyo kwa misingi ya sharia: wanachama wanachangia mfuko mmoja, na hasara ya mmoja inalipwa kutoka humo. Wafugaji wa Wajir wanaikumbuka kwa malipo ya mifugo ya mwaka 2014 baada ya ukame. Kwa upande wa magari, sheria ya barabarani ni ileile na karatasi za kudai zinafanana. Jirani mwenye takaful anaripoti kama mwenye bima nyingine yoyote.

Saa ya kwanza

Usisogeze gari kabla ya kupiga picha, isipokuwa limeziba njia kabisa. Piga picha za mbali zinazoonyesha magari yote mawili na ukuta au mti unaotambulika, kisha za karibu. Nambari za usajili zote mbili. Stika ya bima ya jirani, tarehe ionekane. Hapo kwa tarehe usione aibu. Watu wengi hukata bima ya mwezi mmoja mmoja, na mwezi huisha kimyakimya. Chama cha kampuni za bima, AKI, kina programu ya simu inayoitwa AKI Bima Yangu ambayo unaweza kuitumia kuhakiki kama cheti ni halali. Ni kazi ya dakika mbili, na ni bora kuifanya palepale kuliko kugundua wiki tatu baadaye.

Sheria ya Trafiki inamtaka dereva aliyehusika na ajali asimame, atoe jina lake, anwani na la mwenye gari. Asipofanya hivyo, aripoti polisi mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Kwa jirani mnayejuana hayo yanaonekana kama mchezo, lakini mwenye gari anaweza kuwa mtu mwingine kabisa. Land Cruiser ya shemeji, Hilux ya mradi, gari lililonunuliwa Eastleigh mwaka juzi na logibuku haijahamishwa. Ukiwa na shaka, tafuta rekodi ya gari kwenye tovuti ya NTSA. Ni KSh 550, unalipa kwa simu, na jina linatoka. Kisheria, aliyeandikishwa huko ndiye huhesabiwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kisha nendeni kituoni. Tunasema nendeni, wawili, kwa sababu jirani akikusikia umekwenda polisi peke yako atadhani umemshtaki. Mwambie mapema. Kitu kama hiki kinatosha, kwa ujumbe au kwa simu:

"Adeer, asalaam aleikum. Nashukuru kwa kuwa umekubali kilichotokea. Naomba twende pamoja kituoni leo jioni tuandikishe tu, bima zetu zote zinahitaji karatasi ya polisi. Si kesi. Baada ya hapo tutakaa tuzungumze."

Kituoni mnachotaka ni tukio liandikwe kwenye kitabu cha OB, mpate nambari, na baadaye karatasi ya polisi ya ajali, ile abstrakti. Kama ajali ilitokea ndani ya ua na si barabarani, afisa anaweza kusema si ya trafiki. Sawa, lakini bado omba iandikwe OB. Nambari ya OB yenye tarehe ya siku ileile ni ushahidi kwamba hukuamka tu asubuhi moja ukatunga hasara.

Kama kuna mtu ameumia, hata mtoto aliyekwaruzwa mguu na kusema haumwi, somo hili halihusiki. Hospitali kwanza, polisi pili, na msimalizane kwa elfu mbili za dawa.

Maslaha si adui wa bima, lakini lazima yajue mipaka yake

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Huku kwetu mambo ya majirani hupelekwa kwa wazee. Maslaha ni ya zamani kuliko kampuni yoyote ya bima, na Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inaagiza mahakama ziendeleze njia mbadala za kutatua migogoro, za kimila zikiwemo. Hatuna sababu ya kuyadharau. Kwa hasara ndogo, kwa mfano KSh 15,000 ya taa na kupaka rangi, maslaha ni nafuu na haraka kuliko bima. Ekisesi peke yake inaweza kuzidi hiyo. Ukitupa chaguo, chini ya kiwango hicho sisi tungekaa na wazee.

Shida inaanza pale watu wanapofanya nusu maslaha, nusu bima. Fikiria mambo matatu.

La kwanza ni la jirani. Mikataba mingi ya bima inamkataza mwenye gari kukubali kosa au kuahidi malipo bila kampuni yake kujua. Akikaa mbele ya wazee akasema "kosa langu, nitalipa yote", kisha akaenda kwa kampuni yake, anaweza kukuta imejitoa. Ameahidi asichoweza kulipa, na wewe umebaki na ahadi. Kwa hivyo kama hasara ni kubwa na mnataka bima ilipe, mwacheni aripoti kwanza. Wazee wanaweza kukaa wakati huo wakasuluhisha yale ambayo bima haiyagusi: nani atalipia teksi ya watoto kwenda shule, nani atabeba tofauti ikiwa kampuni italipa pungufu, lini jirani atakuja gerejini kuona gari. Hayo ndiyo yanayovunja ujirani, na hakuna fomu ya bima yenye nafasi ya kuyaandika.

La pili ni lako. Usitie sahihi "nimelipwa yote, sina dai tena" kabla fundi hajafungua gari. Bampa ya plastiki hurudi mahali pake ukaona mambo si mabaya, kumbe chuma cha ndani kimepinda na buti linaingiza vumbi. Kwa Probox inayokwenda Dadaab au Masalani mara mbili kwa wiki, hilo si suala la urembo. Peleka kwa fundi wa bodi, aandike makadirio kwenye karatasi yenye jina na simu ya gereji: spea kila moja na bei yake, rangi, ufundi. Chukua makadirio mawili kama unaweza. Na uliza spea zitatoka wapi, kwa sababu ikiwa zinatoka Nairobi kuna nauli ya basi na kuna kusubiri. Novemba 2023 mafuriko yalipokata barabara ya Madogo kuna watu walisubiri taa moja kwa wiki kadhaa. Siku hizo za kusubiri pia zina bei, tutazifikia.

La tatu ni la nyote wawili: hasara moja hailipwi mara mbili. Ukishapokea pesa kamili kwa jirani, kisha ukaenda kudai kampuni ikulipe bampa ileile, huo ni udanganyifu wa bima. Wapo wanaouchukulia kama ujanja wa mjini. Kampuni zikifuatilia, huishia mahakamani.

Andika. Andika tena

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Tunaitaja kwa sababu tumeona watu wanaosema kuandikiana na jirani ni dalili ya kutoaminiana. Kuandika kunawalinda wote wawili, na hasa kunamlinda jirani aliyelipa kweli asiambiwe hakulipa.

Karatasi yenu haihitaji Kiswahili cha wakili. Ukurasa mmoja, nakala mbili, sahihi za nyinyi wawili na mashahidi wawili, nambari za vitambulisho, nambari za magari, tarehe na mahali pa ajali, nambari ya OB, makadirio ya gereji, jumla iliyokubaliwa, na nambari ya simu itakayotuma pamoja na itakayopokea. Kisha sentensi moja yenye uzito kuliko zote. Kama ni malipo ya kidogo kidogo:

"Malipo haya ni ya sehemu. Dai litahesabiwa limekwisha siku ambayo jumla ya KSh 48,000 itakuwa imepokelewa yote."

Bila sentensi hiyo, elfu tano ya kwanza inaweza kuja kuitwa malipo ya mwisho.

Sasa pesa ipite kwenye simu, isipite mkononi. Hapo utasema bila shaka sisi tunasema hivyo kwa sababu ndiyo biashara yetu. Ni kweli ni biashara yetu. Lakini pia ni kweli kwamba noti haina tarehe. Muamala wa simu una jina la aliyetuma, la aliyepokea, saa, kiasi na namba ya kumbukumbu, na rekodi hiyo haibadilishwi na wewe wala na jirani.

Mambo madogo ya kuzingatia hapo. Atume kutoka laini iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Akitumia ya mkewe au ya kijana wa dukani, rekodi itaonyesha mtu mwingine na siku ya ubishi itakuwa kazi kueleza. Kila pesa ikiingia, jibu kwa ujumbe mfupi: "Nimepokea KSh 10,000, sehemu ya pili ya malipo ya gari, imebaki KSh 23,000." Ujumbe wa muamala hausemi pesa ilikuwa ya nini, jibu lako ndilo linalosema. Usichanganye na mambo mengine pia. Kama jirani huyo huyo ni mteja wako wa maziwa, na anakutumia pesa ya maziwa kila Jumamosi, mwambie ya gari aitume peke yake.

Na usiamini ujumbe kabla ya kuangalia salio. Ujumbe feki wa "umepokea" unatengenezwa kwa urahisi na mtu yeyote mwenye simu. Fungua akaunti yako, ona salio limepanda, ndipo useme nimepokea.

Picha ya skrini ni nzuri kwa kumbukumbu yako. Kwa kampuni ya bima au mahakama, omba taarifa rasmi ya miamala ya kipindi husika. Inakuja kama faili lenye nywila. Lihifadhi kwenye barua pepe yako, kwa sababu simu hupotea, na Garissa kwa joto hili hata betri huvimba.

Pesa za bima: kwa nani, na kupitia wapi

Hapa kuna hasara ambayo haionekani mpaka siku ya ajali. Sheria ya Bima ya Kenya hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla haijalipwa. Mteja anampa wakala pesa kwenye nambari yake binafsi ya simu, "nitakushughulikia, walaal", wakala anazikalia wiki mbili. Katika wiki hizo mbili gari linatembea na mwenyewe anaamini ana bima. Likigonga, kampuni inaangalia kwenye mfumo na haioni kitu.

Lipia bima kwa nambari ya paybill ya kampuni, hakikisha jina linalojitokeza kabla ya kuweka PIN ni la kampuni, na hifadhi ujumbe. Wakala mwaminifu hatakasirika. Yeye analipwa kamisheni yake na kampuni.

Upande wa pili, pesa ya fidia. Kampuni ikikubali dai itakulipa wewe au gereji. Hakuna kampuni inayokutaka utume "ada ya kufungulia fidia" kwanza. Mtu akikupigia akisema anatoka kwenye bima, anajua jina lako na nambari ya gari, na anataka KSh 1,500 ili faili lisogee, kata simu na upige nambari iliyo kwenye mkataba. Nambari ya gari imeandikwa nyuma ya gari, kila mtu anaijua. PIN yako hakuna mfanyakazi wa bima, polisi au wa kwetu anayeihitaji, kwa sababu yoyote ile.

Asesa akija

Kwa dai kubwa kampuni hutuma mkadiriaji wa hasara, asesa. Usitengeneze gari kabla hajaliona, hata kama jirani anasukuma. Mpe makadirio ya fundi na picha za siku ya kwanza. Atakuja na kiasi chake, na kwa kawaida kitakuwa chini ya cha fundi wako. Usikubali wala kukataa hapohapo. Muulize ni spea gani aliyoitoa kwenye hesabu na kwa nini. Wakati mwingine ameweka bei ya Nairobi bila usafiri mpaka Garissa, na hilo linazungumzika ukiwa na risiti ya mizigo.

Kama gari ni la kazi, kuna pesa nyingine ambayo wengi wanaiacha. Siku ambazo gari limelala gerejini ni mapato yaliyopotea, na unaweza kuyadai kwa aliyekugonga. Mahakama za Kenya ni kali hapo: hasara ya namna hiyo lazima itajwe wazi na ithibitishwe shilingi kwa shilingi. "Huwa napata kama elfu nne kwa siku" haitoshi. Lakini kama abiria hulipa kwenye till yako, taarifa ya miezi mitatu kabla ya ajali inaonyesha ulikuwa unaingiza kiasi gani, na taarifa ya wiki za gereji inaonyesha sifuri. Toa gharama za mafuta na dereva, na hiyo ndiyo hesabu yako. Dereva wa teksi anayepokea noti tupu hana njia nyepesi ya kuthibitisha hivyo.

Wakikataa au wakinyamaza

Anza na barua ya madai. Mpe jirani mwenyewe mkononi, nakala kwa kampuni yake: nini kilitokea, kiasi, viambatisho, na siku unazompa kujibu, kwa mfano 14. Iandike kwa adabu. Mwanzoni mwa barua mweleze kwamba kampuni haiwezi kusogea bila karatasi, na kwamba bado mnaheshimiana. Barua kali huhamisha ugomvi kutoka kwenye bampa kwenda kwenye ukoo, na huko haina fundi.

Kampuni ikikataa bila sababu inayoeleweka au ikikuzungusha, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Huhitaji wakili. Weka barua zako, majibu yao, na tarehe kwa mpangilio. Tarehe ndizo zinazosoma haraka kuliko maelezo.

Jirani asipokuwa na bima kabisa, au asipotaka kulipa, deni ni lake binafsi. Kwa kiasi kisichozidi KSh 1,000,000 sheria ya 2016 ilianzisha Mahakama ya Madai Madogo, ambayo inapokea madai ya mali iliyoharibiwa. Unaweza kujisimamia mwenyewe, haifungwi kabisa na kanuni ngumu za ushahidi, na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60 tangu dai kufunguliwa. Sajili ya Mahakama ya Garissa itakuelekeza pa kuanzia. Karatasi ya wazee, nambari ya OB, makadirio ya gereji na taarifa ya miamala, beba vyote.

Usiende kwa Kadhi na dai la gari. Si kwamba hatakusikiliza kama mtu wa dini, lakini mahakama yake, kwa kifungu cha 170 cha Katiba, inahusu hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi. Utapoteza nauli na wiki.

Na usilale. Dai la uharibifu wa mali kwa uzembe lina miaka mitatu tangu siku ya ajali. Inaonekana mingi, ila jirani anayelipa elfu mbili kila Ramadhani anaweza kukufikisha huko ukiwa bado unasubiri kwa adabu. Kama mwaka wa pili umeisha na deni halijaisha, kaeni tena na wazee mkiwa na tarehe ya mwisho iliyoandikwa, na upande wako fungua faili la dai kabla miaka hiyo mitatu haijafika.

Kwa wale ambao gari walilonunua bado liko kwa jina la mwenye zamani: kamilisha uhamisho kwenye tovuti ya NTSA wiki hii. Ukigongwa, fidia inaweza kuandikwa kwa jina lisilo lako. Ukigonga, barua ya madai itamwendea mtu aliyekuuzia gari, labda yuko Isiolo na amekwishakusahau, na atakachofanya kwanza ni kukupigia simu.